Heshima ya Fundi wa Chuma na Amana ya Kipimo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad:

SUALA. Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja, naye ni mzazi. Mwanawe amekhitimu Kur'ani, ana akili ya hesabu na mkono mwepesi, naye ataka kwenda kujifunza ufundi wa chuma: kufua, kupiga tupa na kukereza. Jamaa wamemkataza baba. Wamesema kuwa kazi ya moshi na masizi haiwaelekei watu wa nyumba ya elimu, na kuwa kijana akishaitwa mhunzi hatapata wa kumwoza. Na mmoja wao ametoa hoja kwa Hadithi ya mvukuta viriba. Muulizaji asema: Je, nimzuie mwanangu, au nimpe radhi?

JAWABU. Mpe radhi, ewe ndugu yetu, na umwombee dua. Nasi tutakubainishia sababu zake moja baada ya moja, ili uwe na la kuwajibu jamaa zako kwa upole.

Sababu ya kwanza: kazi hii ni katika fardhi. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), alipozihesabu fardhi kifaya katika kitabu cha Minhaji, alizitia ndani yake kazi za mikono na sanaa, na kila jambo ambalo maisha ya watu hayatimii ila kwalo. Na fardhi kifaya, kama mjuavyo, ni ile ambayo wakiitenda baadhi ya watu huwaondokea waliobaki, na wakiiacha wote hupata dhambi wote. Sisi twaijua fardhi hii katika kumwosha maiti na kumswalia. Maiti akikosa wa kumswalia, mji mzima utatahayari. Lakini bomba la kisima cha msikiti likivunjika, na mjini hapana hata mmoja ajuaye kukereza kipande chake, maji ya udhu yakakatika siku kumi, hapana anayejiuliza: Je, hii nayo si fardhi tuliyoiacha?

Sababu ya pili: Mwenyezi Mungu ameitaja kazi hii kwa sifa. Katika Sura ya Sabai ametueleza kuwa alimlainishia Nabii Daudi chuma, akamwamrisha kutengeneza deraya, na akamtaka akadirie sawasawa katika kuziunga pete zake. Wafasiri wameeleza maana ya kukadiria huko, wakasema: msumari wa kuungia pete usiwe mwembamba ukacheza ndani ya tundu yake, wala usiwe mnene ukaipasua pete. Zingatia neno hili. Nabii aliyepewa Zaburi na ufalme ameamrishwa aangalie unene wa msumari! Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Daudi alikuwa hali ila katika kazi ya mkono wake. Tena tazama Sura ya Hadidi: aya ile ile iliyotaja kuteremshwa Kitabu na Mizani ndiyo iliyotaja kuteremshwa chuma, chenye nguvu nyingi na manufaa kwa watu. Atakayesema kuwa chuma na uadilifu ni vitu viwili visivyojuana, basi na aisome aya hiyo tena.

Sababu ya tatu: kazi hii ni elimu, si nguvu za mikono peke yake. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), katika mlango wa kushukuru wa kitabu chake cha Ihyaa, ametoa mfano wa sindano. Amesema kuwa sindano, pamoja na udogo wake, haitimii sura yake mpaka ipite katika mkono wa mfanya sindano mara ishirini na tano, na kila mara hufanyiwa kazi nyingine. Nawe huichukua ukashonea kanzu, usiwakumbuke waliokuhudumia wala usimshukuru Aliyewafundisha.

Na ukitaka kuijua elimu iliyomo, msikilize fundi akikueleza kazi ya kisu. Chuma cha pua kikitiwa motoni kikawa chekundu, kisha kikatoswa majini kwa ghafla, huwa kigumu sana, lakini huvunjika kama kigae. Basi fundi hukirudisha kwenye moto mdogo, naye huitazama rangi ikipanda juu ya uso wake: manjano kama majani makavu huwa karibu ya digrii 230 za joto, na buluu huwa karibu ya digrii 300. Akikitoa mapema kitavunjika. Akichelewa hakitashika makali. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Shaddad bin Aus aliyoipokea Muslim, ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu amewajibisha wema katika kila jambo, na akaamrisha mwenye kuchinja akinoe kisu chake ili ampumzishe mnyama. Basi huruma hiyo tuliyoamrishwa kwa mnyama huanzia kwa mhunzi, katika kuitazama kwake rangi ya chuma.

Ama ufundi wa kerezo, huo ni mlango wa kipimo. Fundi wa kerezo hupima kwa sehemu moja katika mia ya milimita, na unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko sehemu hiyo mara nyingi. Naye hujua kuwa chuma hutanuka kwa joto: ufito wa chuma cha pua wa urefu wa mita moja, ukizidi joto kwa digrii 100, hurefuka kiasi cha milimita 1.2. Kwa hivyo hakipimi kitu kingali na moto wa kerezo, bali hungoja kipoe. Na mwaka 1931 mataifa yalikubaliana kuwa vipimo vya viwandani vihesabiwe kwa joto la digrii 20, ili kipande kilichopimwa katika nchi moja kikae sawasawa katika tundu iliyotobolewa katika nchi nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1841, fundi wa Uingereza aitwaye Joseph Whitworth aliwataka wenzake waziweke hesi za parafujo zote katika pembe moja, nazo ni digrii 55, na idadi ya mistari yake kwa inchi ijulikane kwa kila unene. Kwani kila karakana ilikuwa na hesi yake, na nati ikipotea haikupatikana ya kukaa mahali pake.

Nini maana ya haya kwetu? Maana yake ni kuwa ufundi huu umesimama juu ya ukweli. Muuza nguo akipunja, mnunuzi huweza kuipima nguo kwa mkono wake. Lakini fundi akipunja katika mhimili wa gari au kifuniko cha bomba la mvuke, hapana amwonaye ila Mola wake, mpaka siku kitu kitakapokatika na watu wakaumia. Hiyo ndiyo amana hasa: kutenda sawa pale pasipokuwa na macho ya watu. Na kijana aliyeizoea amana hiyo kila siku katika chuma, twatumai haitamtoka katika ushahidi wake na ahadi yake.

Wala kazi hii si ngeni kwetu watu wa pwani. Masultani wa Kilwa walipiga fulusi za shaba zenye majina yao, na Lamu ina siwa yake ya shaba. Vitu hivyo havikufanywa ila na mafundi, na miji hiyo ilijifakharisha kwavyo.

Yamebaki maneno ya jamaa. Ama Hadithi ya mvukuta viriba, hiyo ni sahihi, lakini ni mfano wa rafiki mbaya, kuwa mwenye kukaa naye huunguzwa nguo au hupata harufu mbaya. Cheche huunguza nguo. Hilo halina shaka. Bali kutoa mfano kwa kitu si kukiharamisha wala kuwatukana wenye nacho. Na dalili yake ni kitendo cha Mtume mwenyewe. Mwanawe Ibrahim alinyonyeshwa Madina katika nyumba ya Abu Sayf, naye alikuwa mhunzi. Anas amehadithia, katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume alikwenda kumtazama mwanawe, na Abu Sayf akivukuta, na nyumba imejaa moshi. Anas akatangulia mbio kumwambia azuie, Mtume amekuja. Basi Mtume akaingia, akamtaka mtoto, akamkumbatia. Ikiwa nyumba ya moshi ilimfaa mwana wa Mtume, ni nyumba gani ya elimu itakayochafuliwa nao? Na Khabbab bin Al-Aratt, katika Waislamu wa mwanzo, alikuwa mhunzi Makka. Aibu ya kisa chake ni ya Al-As bin Wail, aliyekataa kumlipa ujira wake, si ya Khabbab.

Ama kuoza, ni kweli kuwa katika madhehebu yetu kazi hutazamwa katika kufu. Minhaji imewataja mfagiaji, mpiga chuku, mlinzi, mchungaji na mtumishi wa hamamu kuwa si kufu ya binti wa mshoni. Na mhunzi hakutajwa hapo. Tena kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia ndoa ni sahihi. Wala hukumu hiyo haikuwekwa iwe ruhusa ya kumdharau Muislamu: mchungaji ametajwa humo, na Mitume wote walichunga kondoo.

Basi mchukue mwanao kwa fundi mwema, nawe umuusie mambo matatu. La kwanza, asiiache swala kwa ajili ya kazi, wala asiiharibu kazi ya mtu kwa kisingizio cha swala. La pili, akikosea kipimo aseme, hata kama hapana aliyemwona. La tatu, juzuu zake asizisahau; mkono ulioshika nyundo mchana waweza kushika Msahafu usiku. Nasi wengine tumlipe fundi ujira wake kwa wakati, kwani kumsifu kwa ulimi na kumzungusha kwa malipo ni dhuluma.

Mwenyezi Mungu atupe vijana wa elimu na vijana wa ufundi, na awakutanishe katika safu moja ya swala. Amin. Wallahu aalam.