SOMO: HESABU ZA MTOTO NYUMBANI KWA KOMPYUTA, NA MTU MZIMA KANDO YAKE

Ndugu wafanyakazi, katika masomo yetu tumezoea kuzungumzia mkataba wa kazi, mizani na hati ya mshahara. Leo tunazungumzia hesabu za watoto wetu, na mambo haya hayako mbalimbali. Mchumaji chai hulipwa kwa kilo. Asiyejua kuzidisha hana la kumwuliza karani wa mizani, na mtoto wake akikua hivyo hivyo atapanga foleni ile ile, kimya vile vile.

Hapa Uganda shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari 2022. Wenye fedha waliwatafutia watoto wao kompyuta na walimu wa nyumbani. Watoto wa kambini walichota maji na kuchunga mbuzi. Mtoto aliyeachia njiani somo la kutoa kwa kukopa alirudi akakuta wenzake wanafundishwa sehemu. Wengine wanalibeba pengo hilo mpaka leo.

Je, kompyuta yaweza kutusaidia? Yaweza, lakini kwanza tujue inafanya nini. Programu ya mazoezi ya hesabu humpa mtoto swali, hupokea jibu, humwambia papo hapo kama amepata au amekosa, kisha humpa swali gumu zaidi au jepesi zaidi kwa kadiri alivyojibu. Haichoki wala haichapi viboko. Wazo lenyewe si la jana: katika miaka ya 1960 Patrick Suppes wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watoto wa shule za msingi mazoezi ya hesabu kwa mashine za kupigia chapa zilizounganishwa na kompyuta kwa waya wa simu.

Mfano wa karibu uko kwa jirani zetu. Katika mkoa wa Tanga, nchi ya mkonge, watoto wapatao 2,700 wa vijiji vipatavyo 170 walipewa kompyuta bapa za mkononi, zile ambazo Watanzania huziita vishikwambi, zikiwa na masomo ya kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Umeme wa kuzichaji ulitoka kwenye jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya 90 kwa mia ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, zilishinda kwa pamoja zawadi ya shindano hilo, lililoitwa Global Learning XPRIZE. Tuseme pia upande wa pili: nusu nyingine walibaki pale pale. Ndiyo sababu tunasisitiza mtu wa kukaa kando.

Tuchukue hesabu moja. Mtoto anaulizwa 52 kutoa 27, anaandika 35. Programu nyingi zitasema: umekosa, jaribu tena. Mtoto atabahatisha 34, kisha 36, mpaka kioo kimwonee huruma. Mtu aliye kando yake atauliza tofauti: "Umepataje 35, mwanangu?" Mtoto atajibu kuwa 7 ni kubwa kuliko 2, kwa hiyo ametoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha 2 kwenye 5 akapata 3. Hapo kosa limejulikana. Mtoto si mjinga. Anafuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni mbovu.

Leteni vijiti. Fungeni mafungu 5 ya vijiti kumi kumi, wekeni na vijiti 2 pembeni. Mwambieni atoe 7. Havitoshi. Basi afungue fungu moja: sasa ana mafungu 4 na vijiti 12. Atoe 7, vibaki 5. Atoe mafungu 2, yabaki 2. Jibu ni 25. Arudie kwa hesabu tatu nyingine, aziandike kwenye daftari, ndipo arudi kwenye kompyuta. Mama asiyejua kusoma anaweza kabisa kuifanya kazi hii, maana swali lake ni moja tu: umepataje? Kijana wa sekondari naye anafaa, mradi asimpokonye mdogo wake kile kifaa na kujibu mwenyewe. Hilo tumeliona mara nyingi.

Dakika 20 kila jioni zatosha. Saa mbili siku ya Jumapili hazifai kitu, mtoto huchoka akaanza kugusa gusa tu. Kila mara anzeni chini kidogo ya darasa lake. Programu ichaguliwe ile inayofanya kazi bila mtandao baada ya kupakuliwa mara moja, la sivyo mshahara utaishia kwenye bando. Zile zinazoleta matangazo katikati ya hesabu, au zinazodai fedha mtoto akifika hatua ya tatu, ziacheni.

Si kila nyumba ina kifaa. Watoto watatu au wanne wanaweza kutumia kimoja kwa zamu, mmoja akijibu na wengine wakifanya kwenye daftari. Matawi yanayojiandaa kwa mazungumzo na mwajiri yafikirie kudai chumba chenye umeme na taa kambini kwa saa za jioni. Dai hili ni dogo, na gharama yake kwa shamba ni ndogo kuliko taa za ofisi ya meneja.

Zoezi (bei ni ya mfano tu). Mama amechuma kilo 43 Jumatatu, 38 Jumanne na 47 Jumatano. Kila siku karani hukata kilo 2 za kikapu na maji. Kilo moja ni shilingi 150. Hati yake inaonyesha shilingi 17,850. Je, amelipwa sawasawa? Kama sivyo, ni kilo ngapi hazikulipwa? Fanyeni pamoja na watoto, na majibu yaletwe kwa katibu wa tawi.