Benki Imekosea, TRA Wanakudai: Fanya Hivi

Pesa imekatwa kwenye akaunti, stakabadhi ya benki unayo mkononi, halafu mfumo wa TRA unasoma kwamba unadaiwa. Hali hii inaumiza, hasa mwenye biashara ndogo aliyejibana mwezi mzima ili kodi ipatikane. Lakini ina njia ya kutokea, mradi usikae kusubiri.

1. Jua kwanza pesa imekwama wapi

Chukua taarifa ya akaunti na uisome mstari kwa mstari. Huenda pesa haikutoka kabisa. Huenda imetoka kwako lakini imelala ndani ya benki. Au imefika serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo isiyo yako, kwa sababu karani aligeuza tarakimu mbili. Mambo haya matatu usiyachanganye. Katika mawili ya mwanzo wa kumkaba ni benki. Katika la tatu pesa iko serikalini tayari, na kinachotakiwa ni kuihamishia kwenye deni lako, kazi ambayo benki peke yake haiwezi kuimaliza.

2. Ritani isisubiri malipo

Ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe umelipa au hujalipa. Kuchelewesha ritani kuna adhabu yake, mbali na riba ya kuchelewa kulipa. Kosa la benki lisikuzalie la pili.

3. Ukiweza, lipa upya leo

Najua inauma kulipa mara mbili huku pesa yako ya kwanza haijulikani iliko. Hata hivyo, soma hesabu ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015: riba huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na hulimbikizwa mwezi hadi mwezi. Yaani siku chache za kuchelewa zinahesabiwa kama mwezi, na ukivuka kuingia mwezi wa pili, riba inapanda juu ya riba. Wengi wanasubiri benki "imalize kushughulikia", na kusubiri huko ndiko kunakowagharimu kuliko kosa lenyewe. Omba namba mpya ya malipo, lipa, kisha dai pesa ya kwanza irudi.

Kama huna cha kulipa upya, nenda ofisi yako ya TRA ukiwa na ombi la maandishi la kulipa kwa awamu. Taja kiasi unachoweza kweli, kwa tarehe unazoweza kweli. Mpango wa kujikweza ukivunjika, hutasikilizwa kirahisi mara ya pili.

4. Usitoke benki na pole tupu

Meneja wa tawi atakuomba radhi, na huenda akapiga simu mbele yako. Mshukuru, halafu omba barua. Iwe na nembo, muhuri na saini, na ikiri wazi kwamba kosa ni la benki. Iseme maagizo yako yalipokewa lini, pesa ilikatwa lini, ilikwenda wapi na ilisahihishwa lini. Barua inayosema "kulitokea changamoto ya mtandao" haikusaidii kitu. Irudishe iandikwe upya.

5. Omba msamaha wa riba

Sheria hiyohiyo inampa Kamishna Mkuu wa TRA uwezo wa kusamehe riba na adhabu, yote au sehemu, penye sababu ya msingi. Msamaha haupatikani kwa kulalamika kaunta, unaombwa kwa barua. Iwe fupi, yenye tarehe na namba, kwa mfano hivi:

"Tarehe 18 Septemba tuliiagiza benki kulipa VAT ya Agosti, Sh 3,600,000. Fedha ilikatwa kwenye akaunti yetu siku hiyohiyo saa 5:40 asubuhi. Benki iliipeleka kwenye namba ya malipo isiyo yetu, kama inavyokiri katika barua iliyoambatishwa. Tulilipa upya tarehe 25 Septemba. Tunaomba tusamehewe riba iliyotokana na ucheleweshaji huu."

Weka TIN yako juu. Ambatisha taarifa ya akaunti, barua ya benki na stakabadhi zote mbili. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri huo utaambiwa barua haijaonekana.

Na kama umeletewa uamuzi wa kodi usiokubaliana nao, pingamizi lina siku 30 tangu uupokee. Hapo mtafute mshauri wa kodi mapema.

6. Riba isiposamehewa, idai benki

Andika malalamiko rasmi kwa benki, udai ilipe riba na gharama ilizokusababishia. Wakikuzungusha, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, ila watakuuliza kwanza kama ulianzia benki kwako, kwa hiyo tunza kila barua. Kama anayekuzungusha ni ofisi ya kodi, kuna TOST, taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi.

7. Malipo yajayo

Usilipe siku ya mwisho. Foleni ni ndefu, mifumo inaelemewa, na kosa likitokea huna siku ya kulirekebisha. Lipa siku tatu za kazi kabla, iwe VAT ya tarehe 20 au awamu ya kodi ya mapato inayoishia Machi, Juni, Septemba au Desemba. Kaunta, soma namba ya malipo kwa sauti pamoja na karani, na jina linalotokea kwenye skrini yake liwe lako. Kesho yake ingia kwenye akaunti yako ya TRA uone kama malipo yamesoma.

Na wewe ambaye jambo hili limekukuta mwaka huu: kabla hujaenda kuhuisha leseni ya biashara, hakikisha deni limefutwa kwenye mfumo, kwa sababu utaombwa cheti cha uthibitisho wa kulipa kodi.