Nyapara wa Umeme na Joto Ndani ya Tarakilishi

Safari hii naandika juu ya kitu kidogo tunachokitegemea kila tuingiapo maabara ya kompyuta. (Kamusi yasema tarakilishi, vinywa vyetu vyasema kompyuta. Nitatumia zote.)

Tarakilishi ina prosesa, ubongo unaofanya hesabu. Kando yake mna chipu nyingine ndogo, nami naiita nyapara. Hajui insha unayoandika. Kazi yake ni umeme na joto basi. Ukibonyeza swichi, yeye ndiye huruhusu umeme uingie. Yeye ndiye huangalia betri inavyojaa. Hata mashine ikizimwa, maadamu umeme upo, nyapara halali. Angelala, nani angejua umebonyeza?

Kuhusu joto, husoma vipima joto vilivyotawanywa ndani, kisha huamuru feni iongeze mwendo au ipunguze. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe. Joto likizidi, mashine hujizima isiungue. Na kipima joto kisipojibu je? Katika mashine nyingi nyapara habahatishi: huzungusha feni kwa nguvu zote. Kwa hivyo kelele ile si wazimu, ni tahadhari.

Sasa tuje hapa kwetu Lunga Lunga. Feni haitengenezi baridi, husukuma tu hewa iliyomo chumbani. Wakati wa kaskazi hewa yetu hupita nyuzi 30, na Apple husema kompyuta zake zitumiwe katika hewa ya nyuzi 10 hadi 35. Mwanya uliobaki ni mdogo jamani! Ukiongeza vumbi kwenye matundu, au ukiweka laptopu juu ya mto, nyapara atafanya nini?

Stima nazo zikipotea na kurudi ghafla, nyapara huweza kuchanganyikiwa. Muhula uliopita Mac moja ya mezani, yenye prosesa ya Intel, iligoma kuwaka, na wengine wakasema ni ya kutupwa. Fundi alichomoa waya, akangoja sekunde 15, akachomeka, akangoja 5, akabonyeza. Ikawaka! Katika Mac zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, kazi ya nyapara imeingizwa ndani ya chipu kuu, hivyo kuzima na kuwasha upya kwatosha.

Na msiogope: kumwamsha nyapara hivyo hakufuti kazi mliyokwisha kuihifadhi.