Nembo ya Kombe Lenu: Jueni Maana Kabla ya Kuchora

Mmekubaliana kuandaa kombe la vijana, iwe Masisi au Walikale, na kamati inataka nembo, yaani mchoro mmoja utakaokaa kwenye jezi, bango na cheti cha washindi. Wengi hukimbilia zile pete tano za Olimpiki. Ngojeni kwanza.

Pete hizo zilitoka wapi? Zilichorwa mwaka 1913 na Mfaransa Pierre de Coubertin, aliyeifufua michezo ya Olimpiki. Vita Kuu ya Kwanza ikafuta michezo ya 1916, hivyo bendera yenye pete ikapepea kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1920. Pete tano ni mabara matano yaliyoshikana. Utamsikia mtu akiapa kwamba pete nyeusi ni Afrika na ya njano ni Asia. Sivyo Coubertin alivyokusudia. Alichukua buluu, njano, nyeusi, kijani na nyekundu, akaongeza weupe wa kitambaa, kwa kuwa rangi hizo sita zilitosha kuchora bendera za mataifa yote ya wakati ule. Hata bendera yetu ya Kongo ya leo, ya buluu, nyekundu na njano, ingechoreka.

Je, tunaweza kuzitumia? Bila ruhusa ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, hapana. Upo mkataba wa mataifa unaolinda alama hiyo peke yake, na ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 26 Septemba 1981. Unazitaka nchi zilizojiunga nao zizuie matumizi yake ya kibiashara yasiyo na ruhusa. Kuuza jezi zenye pete ni biashara, hata kama kiwanja chenu ni malisho ya ng'ombe. Nembo ya FECOFA, shirikisho la kandanda la Kongo, nayo ina mwenyewe, msiinakili.

Lakini chui mnyama hana hakimiliki. Mwaka 1974 Léopards, yaani Chui, wa Zaire (jina la nchi yetu wakati ule), timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, walivaa jezi ya kijani yenye kichwa cha chui ndani ya duara kubwa kifuani. Walifungwa mechi zote tatu, mojawapo 9–0 na Yugoslavia, lakini jezi ile inatafutwa hadi leo. Kwa maoni yangu haijapatikana nyingine ya Afrika iliyoipita: mchoro mmoja, unaonekana kutoka ng'ambo ya kiwanja. Kichwa cha chui kimo pia katika nembo ya taifa, na ngozi yake ni heshima ya mamwami, yaani machifu wa jadi, kwa hiyo mkimchora mchoreni kwa adabu.

Mnaweza pia kuchora cha kwenu: vilima na ng'ombe wa Masisi, au msitu na sokwe wa Walikale. Epukeni silaha, madoa ya sare za kijeshi, rangi za chama na alama ya kabila moja. Katika hali ya kwetu, kijana aweza kusimamishwa njiani kwa sababu ya fulana tu. Kabla ya kuchapisha, mpelekeeni mchoro chifu wa eneo na viongozi wa timu zote.

Gharama je? Kuchora kwa mkono hakuhitaji pesa. Kwenye serigrafi, yaani kuchapa kwa kupitisha wino katika fremu ya kitambaa chepesi, kila rangi huhitaji fremu yake, hivyo rangi nne ni ghali kuliko moja. Kama mfuko ni mdogo, kateni mchoro kwenye katoni ngumu, mpake rangi moja kwa sifongo. Kuandikisha nembo serikalini hufanyika katika Wizara ya Viwanda, Kinshasa, na kombe la kijijini halihitaji safari hiyo.

Mkienda kwa mchapaji, mwombeni achape fulana moja kwanza. Itundikeni, msimame hatua ishirini mbali. Kama mchoro hausomeki, punguzeni mistari kabla ya kulipia zilizobaki.