Kupima Wakati katika Lugha ya Sinema za Katuni

Ndani ya sinema ya katuni hamna kitu kinachotembea. Zimo picha nyingi zilizotulia, nazo huonyeshwa moja baada ya nyingine upesi hata jicho likaziunganisha. Zamani msanii alizichora zote kwa mkono. Siku hizi aweza kuiandikia kompyuta amri, nayo ikachora. Amri hizo zahitaji lugha, na yeyote abuniye lugha hiyo hukutana mapema na swali lionekanalo dogo: wakati upimwe kwa kitu gani?

Jibu jepesi ni kuhesabu picha. Na ichukuliwe amri hii: "Sogeza mpira milimeta 5 kwa kila picha." Katika sinema, ambamo huonyeshwa picha 24 kwa sekunde, mpira utakwenda milimeta 120 kwa sekunde, na kioo chenye upana wa milimeta 480 utakivuka kwa sekunde 4. Amri hiyo hiyo ikitumika penye picha 30 kwa sekunde, mpira utavuka kwa sekunde 3.2, ilhali sauti iliyorekodiwa kwa sekunde 4 ingali inaendelea. Haya yamekwisha kutokea. Filamu za sinema zilipoonyeshwa katika televisheni za picha 25 kwa sekunde, mpango uliofuatwa pia na Kenya na Tanzania, filamu ya dakika 100 ilikwisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zikawa nyembamba kidogo.

Ni heri basi amri itaje sekunde: "milimeta 120 kwa sekunde." Hapo huzuka tatizo la pili, nalo limejificha zaidi. Kompyuta huhesabu kwa kizio cha mbili, na katika kizio hicho 1/10 haina mwisho, kama vile 1/3 isivyo na mwisho katika desimali za kawaida. Kompyuta hulazimika kuikata. Ikijumlisha 0.1 mara kumi kwa namba za biti 64 zitumikazo sana, haipati 1 bali 0.9999999999999999. Amri isemayo "wakati ukiwa sawasawa na sekunde 1, ngoma ilie" haitatimizwa kamwe.

Katika katuni hasara ni ngoma isiyolia. Huko Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, hasara ilikuwa roho za watu. Mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulihesabu sehemu za kumi za sekunde, kisha ukazizidisha kwa 0.1 iliyokatwa. Kosa katika kila sehemu lilikuwa kama sekunde 0.000000095 tu. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi, yaani sehemu 3,600,000, na kosa likafikia sekunde 0.34. Kombora la Iraki halikuzuiwa. Askari 28 waliuawa.

Dawa yake imo katika hesabu za shule ya msingi. Sekunde igawanywe katika chembe zilizo sawa, na chembe zihesabiwe kwa namba kamili. Kigawe kidogo cha shirika cha 24, 25 na 30 ni 600, na ndicho kipimo kilichozoeleka katika QuickTime, programu ya kampuni ya Apple iliyotoka mwaka 1991. Picha ya sinema huchukua chembe 25, ya televisheni yetu 24. Wamarekani ndio walioivuruga hesabu hii nzuri: tangu mwaka 1953 televisheni yao ya rangi ilionyesha picha 30000/1001 kwa sekunde. Kwa hiyo mwaka 2018 kampuni ya Facebook ilitoa kipimo kiitwacho fliki, chenye chembe 705,600,000 kwa sekunde. Humo hata picha hiyo korofi huchukua chembe kamili 23,543,520.

Wakati ukishapimwa hivyo, mahali pa mpira pakokotolewe moja kwa moja kwa mlinganyo x = 120t, ambamo t ni sekunde. Picha ya sekunde ya tatu yaweza kuchorwa pasipo kuchora zilizotangulia. Wazo hili la kuufanya wakati uwe mfululizo usiokatika ndilo msingi wa lugha ya Fran, iliyoelezwa na Conal Elliott na Paul Hudak mwaka 1997. Hata hivyo mpira upigwao na mchezaji hauna mlinganyo ujulikanao mapema. Huo lazima ukokotolewe hatua kwa hatua, kwa mfano kila baada ya chembe 10 kati ya 600.

Zoezi: Lugha ikihitajiwa pia kwa picha 48 na picha 60 kwa sekunde, je, chembe 600 zitatosha? Kama hazitoshi, zihitajiwe ngapi?