Kabla ya Sindano, Taja Unachomeza

Kama mtoto wako ana ukurutu, ile ekzema inayomwasha usiku kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, usimfungie ndani wachanjaji wakipita Kianda, hapa Kibera. Ngozi yenyewe si kizuizi. Soriasisi vilevile.

Hofu ya kumchanja mwenye ukurutu haikutoka hewani. Chanjo ya kale ya ndui ilikuwa na virusi hai, na kwa mwenye ukurutu virusi hivyo viliweza kutapakaa mwili mzima. Lakini ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na chanjo hiyo haimo katika ratiba ya watoto Kenya.

La kuuliza ni hili: unameza nini? Vidonge vya prednisoloni kwa dozi kubwa, methotreksati au siklosporini hushusha kinga, na kinga ikishuka, chanjo iliyo hai haifai bila ruhusa ya daktari. Zilizo hai ni BCG, matone ya polio, rota, surua na rubela, na homa ya manjano. Ya pepopunda, ya HPV na ile ya homa ya matumbo iliyotolewa kitaifa Julai 2025 si hai. Hizo unaweza kuchanjwa, ingawa huenda nguvu yake ikapungua kidogo. Na homa ya matumbo Kibera si ya kuchezewa, mahali ambapo bomba la maji linakatiza mtaro wa majitaka.

Shida yetu ni bahasha. Unaenda duka la dawa ukilalamikia kuwashwa, unapewa tembe kwenye karatasi isiyo na jina, au unadungwa "sindano ya mzio". Huenda hiyo ni steroidi, jamii moja na prednisoloni. Dai jina liandikwe, kisha utie karatasi hiyo ndani ya kitabu cha kliniki. Siku ya chanjo mwonyeshe muuguzi kabla hajafungua kichupa. Krimu ya steroidi inayopakwa sehemu ndogo haizuii chanjo, ila itaje pia. Ile ya kung'arisha ngozi usiione aibu kuitaja. Nyingine zina steroidi kali.

Usiache dawa ghafla ili upate chanjo. Kukatiza prednisoloni kunaweza kuilipua soriasisi vibaya kuliko mwanzo. Daktari ndiye atakayepanga muda wa kusubiri.

Omba udungwe penye ngozi safi, si juu ya kidonda wala magamba. Wenye soriasisi hutokewa na baka jipya pale ngozi ilipojeruhiwa, hata na sindano; si sumu ya chanjo. Usipasugue wala kupapaka mitishamba. Kaa kituoni dakika 15 hivi. Kama mtoto amewahi kuvimba midomo au kushindwa kupumua baada ya kula yai, sema kabla ya chanjo ya homa ya manjano.

Homa kidogo na mkono kuuma siku mbili ni kawaida. Uso ukivimba, pumzi ikibana au malengelenge yakienea, usingoje asubuhi. Tafuta bodaboda, na ubebe kile kitabu.