Negativu Nyembamba: Kulitafuta Kosa Kabla ya Kununua Dawa Nyingine

Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ikitoka kwenye kopo la kusafishia ikiwa nyepesi kupita kiasi, hasara ya kwanza imekwisha kutokea. Picha za arusi, kipaimara au mazishi hazipigwi mara ya pili. Somo hili linakusudia kumwepusha mtumiaji na hasara ya pili, yaani kununua dawa mpya au filamu mpya ili kutibu kosa ambalo halikuwa la dawa wala la filamu. Tumeliandika tukiwafikiria wakazi wa Kikuyu na maeneo mengine ya Dodoma wanaosafisha filamu nyumbani, ingawa hatua zake zinafaa popote.

Negativu nyembamba ni nini

Negativu ni filamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo ndani yake penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe. Weusi huo ni chembe za fedha. Chembe zikiwa haba, negativu huwa nyembamba: ukiishika mbele ya dirisha unaona kila kitu kilicho upande wa pili, na picha inayochapwa hutoka ya kijivu, isiyo na uhai.

Sababu kuu ni mbili. Ama mwanga mchache mno uliingia kwenye kamera wakati wa kupiga picha, ama dawa ya kutokezea picha haikufanya kazi yake kikamilifu. Tiba za sababu hizi ni tofauti kabisa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzitenganisha.

Hatua ya kwanza: soma pembezoni mwa filamu

Kiwanda huweka kwenye ukingo wa filamu namba na jina la filamu kwa mwanga maalumu. Alama hizo hazikupitia kwenye kamera yako, lakini hutokezwa na dawa ile ile uliyotumia. Hali kadhalika, ulimi wa filamu, ile ncha uliyoivuta wakati wa kuipakia, ulipata mwanga tele na hauna budi kuwa mweusi tititi. Kagua kama ifuatavyo:

1. Namba ni nyeusi na ulimi ni mweusi, ila picha ni nyembamba: mwanga ulikuwa mchache kwenye kamera. Dawa yako ni nzima.

2. Namba zimefifia, ulimi ni wa kijivu, na picha ni nyembamba: dawa haikufanya kazi ya kutosha.

3. Namba zipo na ni nyeusi, lakini hakuna picha hata moja: aghalabu filamu haikusogea ndani ya kamera.

4. Filamu ni angavu tupu, bila namba wala picha: dawa ya kutokezea ilikuwa imekufa, au dawa ya kukazia ilitangulia kumiminwa.

5. Namba na picha zimefifia, na filamu nzima ina ukungu wa kijivu: huenda filamu ni kuukuu au ilihifadhiwa penye joto.

Ikiwa kosa ni la dawa

Anza na kipimajoto. Maelekezo mengi ya dawa hukadiriwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Katika nyanda hizi, maji yaliyolala ndooni mwezi wa Juni au Julai huweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi kadhaa, na mwezi wa Oktoba au Novemba huweza kupanda mno. Mtu aliyezoea kufupisha muda wakati wa joto, kisha akaendelea na muda huo huo wakati wa baridi, atapata negativu nyembamba bila ya dawa kuwa na dosari yoyote. Kwa mfano, filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji zaidi huhitaji dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa makadirio ya asilimia 10 kwa kila nyuzi inayopungua, maji yakiwa ya nyuzi 17 itahitaji takriban dakika 10. Iliyo njia bora ni kuliweka kopo ndani ya beseni la maji yenye nyuzi 20.

Pili, kagua uchanganyaji. ID-11 iliyoongezwa maji kwa kiasi sawa huhitaji dakika 13 kwa filamu hiyo hiyo. Anayeichanganya hivyo na kutumia dakika 7 na nusu ameipunja filamu yake. Unga usioyeyuka wote nao huacha dawa ikiwa dhaifu.

Tatu, kagua umri wa dawa. Hewa huiua. ID-11 iliyojazwa chupani hadi shingoni hudumu miezi 6, lakini chupa ikiwa nusu hudumu takriban mwezi mmoja. Lita moja husafisha filamu 10, na kila filamu baada ya ile ya kwanza huongezewa asilimia 10 ya muda. Andika tarehe na idadi ya filamu kwenye chupa. Usitumie kamwe chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwani mtoto anaweza kuinywa.

Watu wengi huyalaumu maji ya Dodoma. Maji yenye chumvichumvi huweza kuacha madoa filamu inapokauka, lakini si kawaida yake kuifanya filamu nzima kuwa nyembamba.

Jaribio lisilo na gharama

Kabla ya kuitia filamu yenye thamani, kata kipande cha ulimi wa filamu nyingine na ukitumbukize kwenye dawa ya kutokezea, mahali penye mwanga, kwa muda ule ule utakaoutumia. Kikitoka cheusi kiasi kwamba huoni mwanga wa dirisha, dawa inafaa. Kikibaki cha kijivu, usiitumie.

Ikiwa kosa ni la kamera

Hakikisha kwamba ISO iliyowekwa kwenye kamera ni ile iliyoandikwa kwenye filamu. Kisha fikiria kipimamwanga. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya udongo mweupe unaong'aa kwa jua la mchana, au bibi arusi akivaa shela jeupe, kipimo husoma ule weupe na kuamuru mwanga upunguzwe. Uso hukosa haki yake. Sogea karibu, pima uso wenyewe, ndipo upige.

Kabla ya kurudi dukani

Usiitupe negativu nyembamba. Huweza kuchapwa kwenye karatasi ya daraja la 4 au la 5, au kuingizwa kwenye kompyuta na kuongezewa tofauti ya weusi na weupe. Jambo lisilowezekana ni kuzirejesha sehemu ambazo hazikupata mwanga.

Endapo uchunguzi unaonyesha kwamba filamu au dawa uliyouziwa kama mpya ilikuwa imepitwa na wakati, chukua stakabadhi, boksi lenye tarehe, filamu yenyewe na kipande cha jaribio, umwendee muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara, na asiyeridhika anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani. Lakini ikiwa namba za pembezoni ni nyeusi, muuzaji wa dawa hana deni kwako. Rekebisha upimaji wako wa mwanga, na fedha ya dawa ibaki mfukoni.